Mwalimu wa Ziada na Daraja za Elimu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na vijana, Buyenzi, Bujumbura

Bismillahi Rahmani Rahim.



Jambo lililowakusanya watu leo si geni kwa mtu yeyote mwenye mtoto aendaye shule, akiwa Buyenzi au Bwiza, Nyakabiga au Kinama, Kamenge au Kanyosha. Kila mzazi amekwisha kujiuliza: je, mtoto huyu atafutiwe mwalimu wa kumsomesha nje ya saa za shule, au aachwe na yale ayapatayo darasani? Mwenye nafasi hulipa, kisha akakaa akingojea matokeo kama mtu aliyepanda mbegu asiyoijua. Asiye na nafasi hunyamaza, akaona haya mbele ya mwanawe. Walakini aghalabu wote wawili hawajui ni kitu gani hasa ambacho mmoja anakinunua na mwingine anakikosa. Masomo haya ya ziada, ambayo ndugu wa Dar es Salaam na Nairobi huyaita tuisheni, ni dawa. Na dawa hutolewa kwa ugonjwa unaojulikana, kwa kipimo, na kwa muda.

Kwanza yafaa ikumbukwe ya kuwa kumsomesha mtoto mmoja mmoja si mtindo mpya ulioletwa na shule za kisasa. Ndio mtindo wa chuo tangu zamani. Katika chuo, malimu hasomeshi darasa. Husomesha kila mtoto pale alipofika. Huyu yumo katika alifu na be, yule katika irabu, mwingine amefika juzuu ya Amma, nao wote wamekaa juu ya mkeka mmoja. Hapana mtoto avushwaye kabla hajausoma ubao wake mbele ya malimu, na mtoto mkubwa aliyehitimu jana humshikia mdogo leo. Imam Shafi, aliyezaliwa mwaka 150 wa Hijria, alilelewa Makka na mama mjane asiyekuwa na kitu cha kumpa mwalimu. Imepokewa kwamba mwalimu yule aliridhika kumsomesha bure, kwa kuwa kijana yule alikuwa akiwaangalia watoto wenzake kila mwalimu alipoondoka. Naye Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwenye kutafuta elimu ambacho wanafunzi wengi wamekisoma, anaeleza kuwa somo la mwanzo liwe kwa kiasi ambacho mwanafunzi aweza kukihifadhi kwa kukariri mara mbili, kisha kiasi hicho kiongezwe kidogo kidogo. Waalimu wangapi wa ziada katika mji huu hupima somo kwa kipimo hicho? Wengi hupima kwa saa na kwa faranga.

Pwani nako mambo yalikuwa hivyo. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, alisoma katika skuli ya Serikali na papo hapo akisoma kwa masheikh misikitini na majumbani mwao, kisha mwenyewe akawa mwalimu wa skuli. Elimu mbili hizo hazikugombana katika kichwa chake, kwa kuwa kila moja ilikuwa na saa yake na mwalimu wake.

Hapa Burundi njia haikuwa nyoofu. Wabelgiji walipoitawala Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya kwanza, waliiacha kazi ya shule karibu yote mikononi mwa misheni, hasa za Kikatoliki, na Serikali ikazisaidia kwa fedha. Mzee wa Kiislamu wa Usumbura, kwani hilo ndilo lililokuwa jina la mji huu hata mwaka 1962, alimzuia mtoto wake asiende huko kwa kuchelea asije akabatizwa. Hofu ile ilikuwa na sababu yake, wala haifai kuwacheka wazee. Walakini gharama yake ililipwa na wajukuu. Watu waliojua herufi za Kiarabu, waliojua biashara, udereva, ushoni na kila ufundi wa mjini, walikuwa wachache mno katika ofisi na katika vyuo vikubwa. Na hasara iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoonekana: katika nyumba nyingi hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kufanya mtihani kwa Kifaransa, basi mtoto arudipo na zoezi lake jioni hana wa kumwuliza. Mtoto wa mwalimu ana mwalimu wa ziada tangu siku aliyozaliwa, ila hakuna amwitaye kwa jina hilo. Huyu anayetafutwa kwa malipo leo ni badala ya baba au shangazi aliyesoma.

Tena mwaka 2005 Serikali ilifuta ada ya shule za msingi. Lilikuwa jambo jema lisilo na shaka, kwani vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikuwa vimewatupa watoto wengi nje ya shule. Ila milango ilifunguka kabla ya vyumba kujengwa. Madarasa yenye watoto 80 au zaidi si haba, na shule nyingi husomesha kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana. Mwalimu mwenye watoto 80, hata awe hodari namna gani, hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma ukurasa mmoja kwa siku. Hesabu yenyewe inakataa, kwani akimpa kila mtoto dakika tatu tu, tayari ni saa nne.

Sasa yaangaliwe mahitaji ya mtoto daraja kwa daraja, maana kosa kubwa la wazazi ni kudhani kuwa mwalimu wa ziada ni kitu kimoja kwa watoto wote.

Mtoto wa miaka ya mwanzo anahitaji jambo moja: kusoma. Husomeshwa kwa Kirundi, na wengi wa watoto wa Buyenzi hukisikia Kiswahili zaidi nyumbani. Si taabu kubwa, kwani lugha hizi ni ndugu na mtoto hucheza kwa zote mbili barabarani. Taabu ni kwamba mtoto aweza kufika mwaka wa tatu akiwa hajui kusoma, na mzazi asitambue, kwa sababu amezikariri kurasa za kitabu kwa ghaibu. Kumjua ni rahisi. Apewe ukurasa asiopata kuuona, kisha aguswe neno la katikati ya mstari. Akisita, basi hajui herufi, anajua wimbo tu. Mtoto wa namna hii hahitaji mwalimu wa kulipwa faranga nyingi. Anahitaji dada yake, au kijana wa jirani aliyemaliza shule, akae naye robo saa au dakika ishirini kila siku, kila siku kweli, si Jumamosi peke yake.

Hilo si dhana tu. Katika miji ya Mumbai na Vadodara huko India, kati ya miaka 2001 na 2003, wasichana wa mitaani waliomaliza masomo ya sekondari waliwachukua watoto waliobaki nyuma, wapatao 15 hadi 20 kwa kila mmoja, wakawasomesha saa mbili kwa siku kusoma na hesabu za mwanzo. Wataalamu waliowapima waliona watoto wale wameinuka. Tena wakaona ajabu moja: watoto waliobaki darasani na mwalimu wao, ijapokuwa darasa lilipungua, hawakuinuka kwa sababu hiyo. Maana yake, kilichofaa hakikuwa uchache wa watoto. Kilichofaa ni kuwa mtu fulani alikwenda pale mtoto alipokwama, akaanzia hapo. Hivyo ndivyo malimu wa chuo afanyavyo, na msichana yule wa Mumbai hakuwa na diploma ya ualimu.

Daraja ya pili ndiyo inayowaangusha watoto wengi wa mji huu, nayo yastahili maneno marefu. Katika mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa ulioanza kutumika mwaka 2013, mtoto husomeshwa kwa Kirundi miaka minne ya kwanza, na kuanzia mwaka wa tano masomo hugeuka yakawa kwa Kifaransa. Kiingereza na Kiswahili navyo vimeingizwa katika shule tangu katikati ya miaka ya 2000, nchi ilipokuwa ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyoingia mwaka 2007. Basi mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja amebebeshwa lugha nne, na kwa wale wa vyuoni, herufi za Kiarabu juu yake.

Huonekana mtoto aliyekuwa wa kwanza katika mwaka wa nne amekuwa wa mwisho katika mwaka wa tano. Mzazi hughadhibika, akasema mtoto ameharibika kwa michezo. Walakini aulizwe hesabu kwa Kiswahili sokoni: mfanyabiashara amenunua magunia 12 ya mchele, kila gunia kilo 25, ameuza robo tatu ya mchele wote, zimebaki kilo ngapi? Atajibu huku anatembea, kilo 75. Aulizwe hesabu ile ile kwa Kifaransa katika daftari, atatazama dari. Hakupotewa na hesabu. Amepotewa na maneno mawili au matatu, la kubaki na la robo tatu. Mtoto huyu akitafutiwa mwalimu wa hesabu atamwongezea mazoezi mia, naye atakosea yote mia kwa sababu ile ile moja.

Hapa ndipo mwalimu wa ziada anapofaa kuliko mahali pengine popote, kwa sharti awe na lugha. Amweleze mtoto maana kwa Kiswahili au kwa Kirundi mpaka ang'amue, kisha amrudishe kwenye Kifaransa, amwambie alirudie jambo lile kwa kinywa chake kabla ya kuliandika. Kila somo liwe na orodha ya maneno yake, kumi tu kwa siku, maneno ya hesabu siku hii, maneno ya mimea na mwili siku nyingine. Wako waalimu wanaoona fahari kutosema neno la Kiswahili mbele ya mtoto, eti ndiyo Kifaransa kitaingia. Fahari hiyo inamgharimu mtoto. Na muda wa msaada huu usiwe mrefu: ukianza mwishoni mwa mwaka wa nne, kabla ya mageuko yenyewe, aghalabu mwaka mmoja watosha, maana mtoto akivuka mto ule hutembea mwenyewe.

Daraja ya tatu ni ya mtihani wa taifa, ambao kwa mpango huo wa mwaka 2013 uliwekwa mwishoni mwa mwaka wa tisa. Hapa fedha nyingi za wazazi hutumika, na nyingi hupotea, kwa kuwa mwalimu huitwa wiki chache kabla ya mtihani kama mganga aitwaye mgonjwa akiwa hoi. Karatasi za mitihani iliyopita ni nzuri. Mwanafunzi hujifunza namna ya kuulizwa na namna ya kugawa saa. Lakini zitumike kwa kutafuta makosa, si kwa kukariri majibu. Mwanafunzi awe na daftari moja la makosa yake peke yake, kila kosa limeandikwa na sababu yake. Mwalimu mwema hulifungua daftari hilo kabla ya kitabu chochote.

Wale wa miaka mitatu inayofuata, wanaojiandaa kwa mtihani wa Serikali, hawahitaji mwalimu wa kila kitu. Wamekwisha gawanyika, huyu katika sayansi, yule katika lugha, mwingine katika uchumi, ualimu au ufundi, na kila mmoja anajua mahali panapomuuma. Somo moja au mawili, na mtu aliyeyabobea. Katika daraja hii vijana wa Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, wangekuwa waalimu bora kwa wadogo zao, na baadhi yao wanafanya hivyo. Kijana aliyevuka mtihani juzi anakumbuka mahali mguu wake ulipoteleza, jambo ambalo mwalimu wa miaka thelathini amekwisha kulisahau. Sharti ni moja tu, mwanafunzi aanze yeye kufanya, mwalimu ndiye anyamaze.

Ama wa Chuo Kikuu chenyewe, hao wasomeshane wao kwa wao. Mwenye kulipa mtu amwandikie kitabu chake cha kumalizia masomo hakupata msaada. Amenunua cheti, na mwenye kuuza ameuza heshima ya wote.

Sasa yasemwe madhara, kwani yapo. Baya kuliko yote ni mwalimu kuwauzia jioni watoto wake mwenyewe yale aliyowanyima asubuhi. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, hilo linajulikana na kila mtu, na si haki kumtukana mtu anayetafuta chakula cha wanawe. Hata hivyo mtoto asiyelipa hukaa darasa lile lile, akaona wenzake wanacheka kwa swali walilolijua jana. Profesa Mark Bray, mwanachuoni aliyekaa Hong Kong kwa miaka mingi, katika kitabu kilichotolewa na UNESCO mwaka 1999 aliyaita masomo haya elimu ya kivuli, kwa kuwa huifuata shule kila iendako na hubadilika umbo kila nayo ibadilikapo. Kivuli kikiwa kikubwa kuliko mti, yafaa mti utazamwe.

Nchi nyingine zilijaribu sheria. Korea ya Kusini ilipiga marufuku masomo haya mwaka 1980, na mwaka 2000 mahakama yake ya katiba ikaitangua marufuku hiyo. Katika miaka ile ishirini waliokuwa na fedha hawakuacha, walijificha tu. Mauritius ilikwenda kwa ubusara zaidi, kwani mwaka 1991 ilikataza kwa watoto wa miaka ya mwanzo peke yao. Kenya, katika sheria ya elimu ya mwaka 2013, ilikataza watoto kusomeshwa masomo ya ziada katika likizo. Sheria hizo zina nia njema. Lakini mzazi mwenye hofu hashindwi na sheria, hushindwa na kitu kilicho bora kuliko kile anachokinunua, na kitu hicho yapasa kijengwe na watu wenyewe.

Kuna na madhara ya kumchosha mtoto. Mtoto wa mtaa huu huenda shule nusu ya siku, nusu nyingine huenda madrasa, akirudi hutumwa maji na dukani. Akiongezewa saa mbili za mwalimu usiku atasinzia juu ya daftari, na kesho atasinzia juu ya msahafu. Wa kike ndiye mwenye kuonewa zaidi, kwani kazi za jikoni humngoja yeye wakati kaka yake anasoma, kisha wakati wa matokeo hulinganishwa sawasawa. Mwenye kutaka binti yake afaulu ampunguzie ndoo na sufuria kabla ya kumtafutia mwalimu. Na katika kumtafutia, aangalie mahali. Somo la msichana, na la mtoto yeyote, liwe barazani au katika chumba chenye mlango wazi na watu wapitao. Akipatikana mwalimu mwanamke ni bora zaidi. Mwalimu mwenye adabu hatachukizwa na sharti hilo, na anayechukizwa ameonyesha ni nani.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida anayesomeshwa peke yake aweza kuwapita karibu 98 katika kila 100 ya wale wa darasani. Wataalamu waliokuja baadaye hawakuipata faida kubwa kiasi hicho, ila walikubali kwamba faida ipo. Hapana haja ya kuifukuzia hesabu ya Bloom. Yatosha mtoto wa fundi baiskeli wa Buyenzi apate saa moja ya msaada ule ambao mtoto wa daktari anaupata mezani kwao.

Na vitu vya kuanzia vipo. Vyumba vya madrasa hukaa vitupu usiku. Kati ya magharibi na isha vijana hukaa vibarazani. Taa ya msikiti huwaka, na ikikatika umeme, taa moja ya jua hununuliwa kwa mchango wa nyumba chache. Watoto wa miaka mitano ya kwanza wasomewe na vijana wa sekondari, wasizidi watano kwa kijana mmoja. Wa sekondari wasaidiwe na wa Chuo Kikuu mara mbili kwa juma. Mtoto apangwe kwa kipimo cha kusoma na cha hesabu siku ya kwanza, wala asipangwe kwa darasa lake wala kwa umri wake, hata kama itambidi wa mwaka wa sita kukaa na wa mwaka wa tatu kwa mwezi mmoja. Apimwe tena kila baada ya miezi mitatu, na anayevuka aondoke, ili kiti chake apewe mwingine. Asiye Mwislamu akija, akaribishwe. Majirani wa Buyenzi hawakuulizana dini wala kabila walipofichana katika siku za vita.

Ama ujira, yapasa upatikane, kwani kazi ya bure huchosha upesi. Baada ya Badr, mwaka wa pili wa Hijria, mateka waliojua kuandika nao hawana mali walikombolewa kwa kazi ya kuwafundisha kuandika watoto kumi wa Madina kila mmoja. Ualimu ulihesabiwa kuwa fidia ya mtu mzima. Basi kijana wa Chuo Kikuu apewe nauli na chakula cha jioni kwa uchache, na mwenye nyumba mbili na duka amlipie mtoto wake na mtoto mmoja wa jirani, pasipo kutaja jina la jirani huyo. Fedha zishikwe na watu wawili, mmoja awe mama, na daftari la mapato liwekwe mahali ambapo kila mzazi aweza kulifungua siku ya Ijumaa baada ya sala. Mlango ufunguliwe na mtu yule yule kila siku, na jina lake na namba ya simu vibandikwe ukutani.

Wabillahi tawfiq.